Cheti cha uandishi wa kiufundi: unalipia nini hasa?

Muuguzi wa Morogoro aliyechoka na zamu za usiku, mwalimu wa fizikia wa Nakuru, kijana wa Toronto anayeandika programu za kompyuta lakini anafurahia zaidi kuzieleza kuliko kuziandika: maswali yao hunifikia kwa maneno tofauti, ila ni swali lile lile. Je, wajiandikishe kusomea cheti cha uandishi wa kiufundi? Wanazungumzia zile kozi za vitengo vya elimu endelevu vya vyuo vikuu, hasa vya Marekani na Kanada, zinazosomeshwa jioni au kwa intaneti kwa watu wenye kazi na familia. Jibu langu huwaudhi wengine. Nawaambia waache kwanza habari za ada, jina la chuo na programu zitakazofundishwa, waulize jambo moja tu: katika kozi nzima, itafika siku ambayo mtu mwingine atafuata maelekezo niliyoandika, nami nimekaa pembeni namtazama, sina ruhusa ya kufungua mdomo? Siku hiyo kama haimo kwenye ratiba, fedha hiyo ina matumizi bora kwingine.

Najua si sharti la kawaida. Vipeperushi vya kozi hizi hujaa mambo mengine: kuwachambua wasomaji, kupanga kurasa, kuhariri, kutumia programu hii na ile, na mradi wa mwisho. Yote yana kazi yake. Lakini uandishi wa kiufundi una msomaji wa namna ya peke yake. Karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa, mwongozo wa pampu, menyu ya kutuma pesa kwa simu, nyaraka anazosoma mtayarishaji wa programu ili aunganishe mfumo wake na wa benki: hakuna anayevisoma hivi kwa kujiburudisha. Anayesoma ana kitu mkononi, ana haraka, mara nyingi ana wasiwasi, na akishapata alichokitaka hakumbuki hata kwamba alisoma. Ubora wa andiko la namna hiyo hauonekani kwenye karatasi. Unaonekana mikononi mwa anayelitumia.

Chukua pakiti ya ORS, dawa anayopewa mtoto anayeharisha ili kurudisha maji na chumvi mwilini. Maelekezo yake ni mepesi kwa kuyatazama: changanya unga wote wa pakiti na lita moja ya maji safi na salama, mpe mtoto kidogo kidogo, mwaga kitakachobaki baada ya saa 24. Wanaoanza kazi hii huwa nawataka waandike upya sentensi hizo, kisha tunampa mtu yeyote karatasi yao, pakiti moja na vyombo vya jikoni, tunanyamaza.

Mambo huharibika kwenye “lita moja”. Jikoni mwa watu wengi hamna kipimo cha lita. Kuna vikombe vya chai visivyolingana, jagi lisilo na alama, na chupa tupu za maji ya dukani. Mtu hukamata chupa kubwa, na chupa kubwa iliyozoeleka ni ya lita moja na nusu. Anaijaza hadi shingoni, anamimina unga, anatikisa, anaiweka mezani ameridhika. Mchanganyiko umekuwa mwepesi kuliko unavyotakiwa. Mwingine anashika chupa ya nusu lita, na huyo ndiye wa kuogopwa zaidi, maana chumvi inazidi, na mtoto aliyekwisha kupungukiwa maji haivumilii chumvi iliyozidi. Andiko lenyewe halina kosa la sarufi wala neno gumu. Mhariri yeyote angelipitisha.

Aliyeliona hilo kwa macho yake huandika tofauti. Humwambia msomaji atafute chupa iliyoandikwa 500 ml kwenye lebo, aijaze, aimimine kwenye jagi, aijaze tena na kuimimina tena, ndipo aweke unga. Maneno yameongezeka, na ni sawa yaongezeke. Wanaodhani taaluma hii ni kufupisha tu hushangaa hapa.

Vidonge vya zinki vinavyoandamana na ORS vina mtego mwingine. Tangu 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanapendekeza mtoto anayeharisha apewe zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au miligramu 10 kama hajatimiza miezi sita. Kuhara kwenyewe kwa kawaida hukoma kabla ya hapo, na mama mwenye akili zake timamu huacha dawa mtoto akishachangamka. Karatasi inayosema “siku 10” imesema kweli lakini haijamsaidia. Inayosema “endelea kumpa hata kama kuhara kumekoma” imejibu swali ambalo mama angeuliza siku ya nne, kama angekuwepo wa kuulizwa. Halafu kuna nusu kidonge ya mtoto mchanga. Umri lazima utangulie: kama mtoto ana chini ya miezi sita, mpe nusu. Ukianza na “mpe kidonge kimoja” kisha ukaleta “isipokuwa” kwenye mstari wa pili, kidonge kizima kimeshayeyuka kijikoni.

Nimekaa kwenye mfano huu kwa sababu unaonyesha kipi kinafundishika kwa kanuni na kipi hakifundishiki. Sharti kutangulia kitendo ni kanuni, inafundishwa kwa nusu saa. Chupa ya lita moja na nusu haimo katika kanuni yoyote.

Kanuni zenyewe si za kudharauliwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mashirika ya ndege ya Ulaya yalilalamika kwamba miongozo ya matengenezo haisomeki kwa mafundi ambao Kiingereza si lugha yao, na mwaka 1986 umoja wa watengenezaji wa ndege wa Ulaya, AECMA, ukatoa toleo la kwanza la Kiingereza kilichorahisishwa. Kiwango kilichokirithi, kiitwacho ASD-STE100, kinatumika hadi leo. Sentensi ya hatua ya kazi isizidi maneno 20. Sentensi ya maelezo isizidi 25. Hatua moja, sentensi moja. Fundi wa ndege pale Embakasi au Addis Ababa analala salama kwa sababu ya nidhamu hiyo, na abiria wake pia. Kozi nzuri ya cheti itakuzoesha kanuni za namna hii mpaka zikuingie mkononi. (Anayeandika Kiswahili asiibebe hesabu ya maneno 20 jinsi ilivyo. Kitenzi chetu kimoja hubeba nafsi, wakati, mtendwa na sharti kwa pamoja, kwa hiyo sentensi ya maneno 20 ya Kiswahili ni mzigo mkubwa zaidi. Mimi hukata kwenye 12 au 13.)

Lakini historia ya taaluma hii imekuwa ikisogea kutoka kwenye sentensi kuelekea kwa mtu. Mwaka 1949 Joseph Chapline aliandika mwongozo wa kompyuta ya BINAC, unaotajwa mara nyingi kuwa mwongozo wa kwanza wa mtumiaji wa kompyuta. Mwaka 1953 chuo cha Rensselaer, jimbo la New York, kikaanzisha shahada ya uzamili ya uandishi wa kiufundi. Mwandishi wa enzi hizo alikuwa mtu wa kupokea maelezo ya wahandisi na kuyanyoosha. Kisha, miaka ya 1980, John Carroll na wenzake katika maabara ya IBM wakakaa na makarani waliokuwa wakijifunza kutumia kompyuta za kuandikia, wakawatazama. Waligundua jambo ambalo kila aliyewahi kununua televisheni analijua: watu hawasomi mwongozo kwa mpangilio. Wanaruka, wanabonyeza, wanakwama, ndipo wanatafuta msaada, na wakiutafuta hawaupati, kwa sababu mwongozo umeandikwa kwa mtu mtiifu asiyekuwepo. Carroll akaandaa miongozo mifupi mno, yenye nafasi kubwa ya kumtoa mtu kwenye makosa, na waliojifunza kwa hiyo wakawa wepesi kuliko waliopewa ile mirefu. Kitabu chake cha 1990, The Nurnberg Funnel, bado kinasomeshwa.

Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, kina kisa kinachosema zaidi ya hapo. Chuo hicho kilikuwa na idara ya mawasiliano ya kiufundi ndani ya kitivo cha uhandisi. Mwaka 2009 idara ile ile ikabadili jina na kuitwa idara ya usanifu na uhandisi unaomzingatia binadamu. Waliokuwa wakifundisha uandishi walikuwa wamekwisha kuhamia kwenye kumtazama mtumiaji, jina likawafuata. Kozi ya cheti inayokufundisha uandishi huu leo kana kwamba ni suala la ufasaha tu imebaki nyuma sana.

Tatizo la sentensi nzuri zisizojaribiwa sisi Afrika Mashariki tunalo kwa wingi. Mtahiniwa wa KCSE nchini Kenya hukutana na insha ya lazima ya kiuamilifu katika karatasi ya kwanza ya Kiswahili: barua rasmi, kumbukumbu za mkutano, ripoti, maelekezo, wakati mwingine hata resipe. Ni jambo la maana, na wachache wanatambua kwamba ni mlango wa taaluma hii hii. Ila msahihishaji mwenye alama 20 za kutoa huangalia muundo, mtiririko na lugha. Chapati hazipikwi. Mwanafunzi anaweza kuandika resipe isiyotaja maji popote na akatoka na alama nzuri, na akafika chuoni akiamini kwamba maelekezo ni aina ya insha. Vyuoni nako, stadi za mawasiliano za mwaka wa kwanza husahihishwa kwa mtindo huo huo. Mtu anayetoka katika malezi hayo na kuingia katika kozi ya cheti isiyo na mtumiaji amelipia kile kile, kwa dola.

Kitu cha pili ambacho kozi inaweza kukupa, na ambacho vitabu haviwezi, ni mazoezi ya kumhoji anayejua. Mwandishi wa kiufundi hagundui kitu. Yuko kati ya mtu anayekijua kifaa mno na mtu asiyekijua kabisa. Huyo anayekijua mno ndiye mgumu. Angalia mazungumzo haya ya mwanafunzi na fundi wa pampu ya maji:

“Shikamoo, fundi. Naomba unieleze unavyoiwasha.”

“Marahaba, mwanangu. Unajaza maji, unawasha.”

“Unayajazia wapi?”

“Hapo juu.”

“Nitajuaje kwamba yamejaa?”

“Yatatoka.”

“Yakianza tu kutoka niwashe?”

“Aa, hapana! Yatatoka na mapovu kwanza. Subiri mapovu yaishe.”

“Na nikiwasha kabla hayajaisha?”

“Ina hewa hiyo. Haitavuta. Ukiiacha izunguke kavu, sili inaungua.”

Jibu la kwanza, ukiacha salamu, lilikuwa na maneno matatu, na kwa fundi lilikuwa kamili. Maarifa yote yenye thamani, yaani dalili ya kwamba kazi imekamilika na gharama ya kukosea, yalitoka baada ya maswali ambayo kijana mwenye adabu angeona haya kuyauliza. Hapa malezi yetu yanatubana kidogo. Tumefundishwa kwamba mkubwa akishaeleza, umeelewa. Kumrudia mhandisi mwenye mvi kwa swali la tatu kuhusu jambo lile lile huonekana ujuaji au uzito wa kichwa. Wanafunzi wangu wanaofanya vizuri ni wale wanaojua kuuliza kijinga huku wakibaki na heshima: “Nivumilie mzee wangu, nataka nimwelezee mtu ambaye hajawahi kuiona.” Mzee hulainika, kwa sababu sasa anafundisha, hahojiwi. Darasa likikutuma kwa mtaalamu wa kweli, ukarudi na madaftari, ukasahihishwa maswali yako na si majibu tu, hilo ni darasa.

Yanayobaki nitayapita haraka. Programu za kazi hii hubadilika kila miaka michache, na nyingi unaweza kujifunza bila kulipa. Uandikaji wa Markdown, yaani alama chache za kupangia maandishi, unaujua kwa jioni moja. Git, programu ya kutunza matoleo ya faili, inakera wiki ya kwanza, halafu basi. Mpangilio wa Daniele Procida uitwao Diátaxis, unaotenganisha somo la kujifunzia, mwongozo wa kutenda kazi, marejeo na ufafanuzi, uko wazi kwa yeyote. Google nayo imeweka hadharani kozi zake za uandishi wa kiufundi ilizowatengenezea wahandisi wake, na ni nzuri kwa sentensi na aya. Chuo kinachokuuzia hayo kama kiini cha cheti kinakuuzia maji kando ya mto.

Kuhusu uzito wa karatasi yenyewe, lazima watu waelewe kwamba hii si taaluma ya bodi. Mhasibu wa Tanzania ana NBAA, mhandisi ana ERB. Mwandishi wa kiufundi hasajiliwi popote, si kwetu wala Marekani. Kilichokaribia hadhi hiyo huko kilikuwa mtihani wa kitaaluma wa Society for Technical Communication, chama kilichokuwa na historia tangu 1953. Januari 2025 chama hicho kilitangaza kwamba kimefilisika na kinafunga. Waliokitanguliza cheti chake kwenye wasifu wao walibaki na karatasi ya chama kisichokuwepo, ingawa ujuzi wao haukupungua hata chembe. Na anayefikiria kozi hizi kama njia ya kwenda Marekani ajue kwamba viza ya mwanafunzi ya F-1 inadai masomo ya muda wote. Kozi ya jioni ya elimu endelevu kwa kawaida haikidhi sharti hilo, na ada yake hufika maelfu ya dola. Ni bidhaa ya mtu aliyekwisha kuwa huko, au anayesomea nyumbani kwa intaneti.

Kwa mtu huyo aliyeko huko, kuna faida nyingine ambayo siidharau: nidhamu. Mhudumu wa wazee wa Minneapolis anayetoka kazini saa nne usiku hawezi kujipa tarehe ya mwisho na akaiheshimu. Chuo kitampa. Kitampa pia wenzake watakaoisoma kazi yake kila wiki na mhariri mwenye kalamu nyekundu, na kalamu hiyo, akiishika mtu aliyefanya kazi hii kwa mshahara, ni nusu ya ada. Kwa hiyo uliza pia nani anafundisha. Mwalimu anayeamka asubuhi kwenda kuandika miongozo ya vifaa vya hospitali atakueleza mambo ambayo profesa wa fasihi, hata awe hodari kiasi gani, hakuwahi kulazimika kuyajua.

Najua swali linalofuata, maana siku hizi halikosi. Akili mnemba inaandika maelekezo kwa sekunde chache. Ndiyo, na sentensi zake haziko mbali na zile za mwanafunzi mzuri wa cheti. Itakata maneno hadi 20, itatanguliza sharti, itapanga hatua kwa namba. Wanaofundisha sentensi peke yake ndio waliopigwa zaidi. Lakini itamwandikia msomaji wa ORS “lita moja ya maji” kwa ujasiri mkubwa, kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa kila mahali ilikosoma. Kazi imesogea kwenye mambo mawili ambayo bado yanahitaji mtu afike mahali: kuthibitisha kwa fundi kwamba kilichoandikwa ni kweli, na kumtazama mtumiaji akikwama.

Kuna kona moja ambapo yote haya huonekana kwa pamoja, nayo ni menyu ya USSD. Ukipiga *150*00# kwenye simu ya Vodacom Tanzania, unasoma uandishi wa kiufundi wa Kiswahili unaotumiwa na watu wengi kuliko kitabu chochote dukani. Skrini moja ya USSD inabeba herufi 182 tu, nafasi zikihesabiwa. Ndani ya herufi hizo uwekwe chaguo, namba zake, na onyo kama lipo. Aliyekosea namba ya simu ya mpokeaji anatakiwa aligundue kosa kabla hajaweka namba ya siri, kwa hiyo jina la mpokeaji lije kwanza, kiasi kifuate, ndipo aombwe kuthibitisha. Hakuna mwalimu wa insha anayeweza kukusahihishia hilo kwa kusoma tu. Inabidi umpe simu mama wa genge jua likimwaka usoni na mteja akimsubiri, uone kidole chake kinaenda wapi.

Ukishakipata chuo chenye mtumiaji ndani yake, au ukaamua kukaa nyumbani na fedha yako, mradi wa kwanza ni ule ule. Chagua kitu kimoja kinachotumika karibu nawe na ambacho maelekezo yake yanawatesa watu: luku ya umeme inayokataa tokeni, fomu ya mkopo ya SACCOS, kipimo cha sukari cha kupimia nyumbani. Mtafute anayekijua, mhoji, andika ukurasa mmoja. Kisha tafuta watu watano. Jakob Nielsen alishasema mwaka 2000 kwamba watano wanatosha kuonyesha sehemu kubwa ya matatizo, na katika kazi yangu wa tatu huwa ameshanionyesha yale makubwa. Usiwasaidie. Andika walikwama wapi, rekebisha, wape wengine. Yahifadhi matoleo yote mawili pamoja na maandishi yako ya pembeni, hata yale ya aibu. Ninapopokea maombi ya kazi, hayo ndiyo ninayoyasoma kwanza, na mwombaji akija kwenye usaili nitamuuliza mtu wa pili alikwama wapi na kwa nini. Aliyefanya kweli hujibu kabla sijamaliza swali.